Koti Juu ya Dalia

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua, tena mvua. Ua langu la dalia bado linachanua — ile nyekundu iliyokoza, ncha nyeupe, niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Hakuna nyingine kama hiyo popote. Shina ni hilo moja tu. Viazi vyake, ile mizizi minene inayochipua tena mwakani, vikiozea ardhini, basi tena.

Wilf, jirani yangu wa bustani, anasema hakuna kuvichimba na kuvihifadhi ndani mpaka jalidi, ule umande wa barafu, iyachome majani yawe meusi. Ndiyo desturi ya hapa, naye huilinda kuliko mchungaji anavyoilinda Jumapili. Mwaka jana Olive, mwenzetu wa bustani, alichimba mapema. Hadi leo anaitwa Bibi Haraka.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimechomeka kidole udongoni. Uji mtupu! Wilf kaniona.

"Hilda, dada, unaipima homa?"

Nikamwambia viazi vinaogelea.

"Viache. Kiazi kisichoonja baridi hakipati usingizi."

Bustani yake iko juu mlimani, yangu bondeni. Rahisi kuhubiri ukiwa pakavu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimechimba! Wenye bustani wote walikwenda kutazama mpira. Kiazi kimoja kilishaanza kulainika — nikakikata, kidonda nikakipaka majivu. Vingine vizima, vinene kama vidole vya muuza nyama. Vimelala kwenye vumbi la mbao, ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha wageni.

Shina tupu nikalirudisha pale pale na maua yake juu, nikalifunga kwenye kijiti chake cha kuegemea. Hata mimi ningedanganyika.

Jumatatu, 28 Oktoba

Shina linanyauka. Wilf akaja kulitazama, mikono nyuma kama daktari. Limeanza kusikia baridi, akasema. Nikamwambia hata mimi naona.

Jumatano, 30 Oktoba

Redio imesema leo usiku jalidi kali, mkoa wetu wote wa Durham. Hatimaye! Nikashuka bustanini nikiimba — nikamkuta Wilf kapiga magoti kwenye tuta langu. Amelifunika shina kwa koti lake. Lile zuri, la harusi na mazishi!

"Baridi hutuama huku bondeni," akasema. "Mimi ninazo nyingi, dada. Wewe unayo hii moja."

Nikainama nikaunyoosha mkono wa koti.

"Kesho tuichimbe pamoja. Nitaleta uma wangu mpya wa kuchimbia."

Nikaitikia. Mdomo huu!

Jioni, kibandani kwangu bustanini.

Nimevileta viazi kikapuni, chini ya taulo na mkate. Nia yangu ilikuwa kuvifukia tena akishakwenda kula. Haendi. Ameleta kiti. Amebaki na sweta tu, anapuliza vidole, analiambia shina langu livumilie, ni usiku mmoja tu —

Ameuona mwanga wa taa yangu. Anakuja. Anauliza kama humo kikapuni kuna chochote cha kutia tumboni.