Chupa Tupu Siku ya Sabato

Alhamisi, 14 Agosti 2025. Migori

Tumefika! Likizo ya kwanza ambayo sitaimalizia kwa mama nikichuma majani chai. Mimi na Walter tumeapa: safari nzima hatununui maji ya chupa. Tutajaza ya bure popote yalipo. Wazo langu. Walter akakubali – hukubali kila kitu, ila lile moja ninalomdokezea hajawahi kulisema. Uchumba wa miaka minne! Yeye Mkatoliki, mimi Msabato, na kila mtu anamngoja mwenzake aanze kutaja ndoa.

Jua la Migori halina utani. Tuliingia benki moja yenye mtungi wa maji baridi pale wateja wanaposubiri. Tukakaa kama wateja, tukapiga miayo kama wateja, kisha nikasogea na chupa yangu. Askari wa mlangoni akauliza nangoja huduma gani. Nikamwambia hii hapa! Alicheka sana, akamwonyesha Walter, akasema nijaze na ya bwana mkubwa pale.

Tulipotoka Walter akauliza kwa nini hatukuomba tu tangu mwanzo.

Ijumaa, 15 Agosti. Homa Bay

Ziwa! Maji mpaka macho yanachoka, na hakuna hata glasi moja ya kunywa. Walter, Mjaluo wa Nakuru asiyejua kuogelea, amelisalimia kwa mbali.

Mchana tuliingia hoteli ya samaki karibu na soko. Jagi limejaa mezani. Nikamimina kabla hatujaagiza.

"Sister, hiyo maji inaenda na samaki," mwenye hoteli akasema.

Basi tukala samaki. Walter anasema hayo si maji ya bure. Mimi nasema maji yalikuwa bure, samaki ndiye aliyelipiwa. Tumebishana mpaka ufuoni, mbavu hatuna. Nampenda huyu mtu, jamani.

Jioni – balaa! Jua limezama, Sabato imeingia, na chupa zote mbili tupu. Mama huandaa kila kitu Ijumaa mchana: maji, chakula, nguo za kupiga pasi. Mimi nilikuwa nabishana kuhusu samaki. Maji ya bomba hapa nyumba ya wageni yana rangi ya chai. Na kununua siku ya Sabato, hapana. Walter, kupitia ukuta wa chumba chake, anasema ataninunulia yeye, Mkatoliki hana shida. Nimemwambia kumtuma mtu ni kununua vilevile.

Jumamosi, 16 Agosti. Homa Bay

Naandika kanisani, daftari ndani ya Biblia. Kwaya inaimba.

Asubuhi tulizunguka mji. Mfereji wa kituo cha mafuta umekauka. Benki zimefungwa. Ulimi kama karatasi. Kisha tukasikia nyimbo – kanisa letu! Kununua sinunui, lakini ibada nilikuwa nimepanga kuiruka, maana niko likizo. Ndivyo nilivyo.

Mlangoni alikuwa Mama Phelesia, mkaribishaji wa wageni. "Happy Sabbath! Karibuni, nyathina." Yaani mwanangu, kwa Kijaluo. Nikaomba maji. Akachukua chupa yangu palepale. "Iko mingi, tulichemsha jana."

Huku akimimina akauliza, "Na huyu ni bwanako?"

Chupa ilikuwa imefika nusu. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini! Kiu. Walter alinitazama, akanywa yake.

Lakini kanisa letu halimpi mgeni maji likamwacha aende zake. Tumesimamishwa, tumejitambulisha, tumeimbiwa wimbo mzima wa kukaribishwa. Tumelishwa wali na dengu. Na mchana huu – kumbe ni siku ya familia! Mama Phelesia ameshamweleza Mzee Mokua, mwenye kipindi. Sasa hivi ametangaza: "Hawa wageni wetu, bwana na bibi, watatuambia vile bwana aliuliza bibi ndoa. Vijana wasikie."

Amina kila upande. Aibu hii!

Nimemnong'oneza Walter tutoroke kwa mlango wa nyuma. Amesema, kwa nini tusiseme tu? Akaniomba chupa. Kainywa yote, mpaka tone la mwisho. Akanirudishia, akainuka.

Yuko mbele. Kwaya imekaa.

"Happy Sabbath." Amina. "Mimi ni Mkatoliki." Vichwa vimeinuka. "Na huyu si bibi yangu. Sijawahi kumuuliza. Nimeogopa miaka minne."

Mama Phelesia ameshika mdomo. Mtoto mmoja amecheka, amefinywa.

Ananitazama tu, kama ameshauliza na anangoja jibu. Kanisa zima limegeuka kunitazama. Mama Phelesia ananigusa bega: simama, nyathina, akuone. Koo limekauka tena, na chupa ameimaliza yote –