Tangi la Pili

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje na hayo mashuka ya hospitali unayofua kutwa? Sisi wazima, ila goti langu limegoma kupanda kilima. Mizabibu ya juu naitazama kwa mbali kama mchumba aliyeolewa kwingine.

Mavuno ni mengi hadi yanatutia wazimu. Tangi la pili tumeshalitoa mvinyo, yamebaki maganda chini, na kreti za zabibu mpya zinangoja juani. Feni ya kutolea ile hewa nzito ya uchachu, ile inayomkata mtu pumzi, imeungua. Kaka yako anataka tumngoje fundi mpaka Alhamisi. Mpaka Alhamisi zabibu zitakuwa siki! Nimemwambia kesho ashuke tangini na koleo ayatoe maganda. Babu yenu hakuwa na feni na alikufa mzee. Amenuna, lakini atashuka.

Wifi yako na mtoto wanakusalimu.

Baba yako


11 Machi

Mwanangu,

Najua simu ya shangazi yako imeitangulia barua hii. Salamu leo sina.

Kaka yako tulimzika jana. Alishuka tangini tarehe nne asubuhi. Fundi wetu wa mapipa alimwita mara mbili, kimya. Alipochungulia alimwona ameegemea ukuta, koleo mkononi, kama mtu anayepumzika kidogo. Tulimtoa kwa kamba. Alikuwa bado ana joto.

Watu wameuliza. Nimewaambia nilimkataza, akaleta ubishi. Unamjua alivyokuwa.

Baba yako


27 Machi

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana sijui niulize ipi.

Simu ilinikuta kwenye mashine ya pasi. Nilikaa chini juu ya mashuka safi, msimamizi akanifokea. Ruhusa nilinyimwa mpaka mazishi yakapita.

Jana wifi alinipigia. Alisema, "Wifi, kila ninapopita wanasema mume wangu alijiua kwa ubishi. Mwanangu atakua akisikia hivyo."

Baba, barua yako ya tarehe tatu ninayo. Nimeisoma hadi karatasi imelainika. Ni kweli kaka alikuwa mbishi tangu tumboni. Siku ile moja alikutii.

Sitamwonyesha mtu. Wewe ndiye utakayesema, kwa kinywa chako. Ukinyamaza, usiniandikie tena.

Bintiyo


30 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimeianza na kuichana miezi miwili. Afya ninayo, na hilo ndilo linalonishangaza.

Jumatatu niliwaita wafanyakazi wote kwenye banda la kukamulia zabibu. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemtuma. Alikataa, nikamwita mwoga." Naam, hilo hata wewe sikukuandikia. Fundi mapipa alivua kofia, akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, hakuna aliyenitazama.

Wifi yako alibaki. Nikapiga magoti nikamwomba radhi.

"Inuka, Baba," akasema. "Nilijua. Nilikuwa nyuma ya banda naanika nguo mlipokuwa mkibishana. Neno lile nililisikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wangeita umbea wa mkwe. Nilikuwa nangoja nione utambebesha marehemu mzigo wako mpaka lini."

Niliinuka kwa kushika ukuta.

Juzi amehamia kwao na mtoto. Nilimbebea sanduku hadi barabarani. Yeye alitangulia, hakugeuka. Mtoto ndiye aliyenipungia mkono. Wafanyakazi watatu wameacha kazi. Mizabibu imepukutisha majani na haijapogolewa, nami nimeanza peke yangu safu za chini, safu moja kwa siku, na siku nyingine nusu.

Kama mimi bado ni baba yako, niandikie.

Baba


14 Juni

Baba,

Shikamoo.

Barua yako imefika. Nimepata ruhusa ya wiki mbili. Nitashuka na basi la Ijumaa, nitalala kwa kina wifi. Jumamosi asubuhi nitakuja tupogoe zile safu za juu. Niwekee mkasi.

Usinisemeshe mpaka nianze mimi.

Bintiyo