Gunia Lililovaa Kilemba

Jumanne, saa mbili asubuhi, manyunyu.

Baba Wahida,

Uji wa Bibi uko kwenye chupa. Chai hakuna, ameimaliza jana mgeni wako, yule dalali. Samaki aliyebaki ni ~~wako~~ wa Bibi.

Nimekwenda sokoni Bagamoyo na magunia manne ya mihogo. Imeshang'olewa, ikilala siku mbili itakuwa myeusi, na hatuna zao jingine mpaka ufuta.

Dalali hununua kwa gunia, si kwa uzito. Ndiyo maana hulijaza mpaka livae kilemba, mihogo ikirundikana juu ya mdomo wake. Hilo nimelizoea. Sikuzoea kumwona mume wangu akisema, "Karibu sana, mgeni wetu, hebu nikusaidie," kisha akishindilia mihogo yetu wenyewe kwa goti! Hata dalali aliona haya: "Basi, mzee wangu, imetosha." Nilipokataa kuuza, ukaenda kumsindikiza mpaka barabarani, usije ukaonekana huna adabu.

Gunia ulilomshindilia limetushinda kulipakia, mimi na dereva wa bajaji. Liko mlangoni. Lifungue, ulijaze upya kama mkulima.

Wahida, fungia kuku.

Mkeo,
Mama Wahida

*Chini yake, kwa mwandiko wa Wahida:*

Mama, ukitangulia kurudi: Bibi amekula samaki. Mimi nimefungia kuku. Baba amefungua gunia akalijaza upya, yakapatikana magunia mawili. Ameita bajaji akufuate. Amenunua chai, amekuchukulia.