Baba na Vibaraza vya Iringa Mjini

Jumamosi

Simchukui tena Baba kwenye kazi yangu ya kutembeza wageni. Nilimwomba awaeleze majengo ya zamani, yeye akageuza safari kuwa ya kusalimia. Kila kibaraza, "Kamwene!", kisha habari za watoto, za mahindi, za ng'ombe. Saa mbili nzima, majengo manne! Wageni wamesimama juani, mimi natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Wakinisema vibaya mtandaoni, nimekwisha.

Tukafika duka la kona, lile walilobomoa kibaraza wakaweka vioo. Akasalimia vilevile. Hakuna aliyeitika. Akawageukia wageni: "Hapa pameshakufa."

Wote wakaandika. Maelezo yangu ya kurasa sita, hakuna aliyeandika hata neno.