Mfuniko Wangu kwenye Mashine ya Baba Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Nandagala sote wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeunguza dayodi za chuo, vile vidude vya kugeuza umeme, mbele ya wenzako, sasa unataka kurudi nyumbani, na unaniuliza kama baba yako naye aliwahi kukosea.

Hapa kijijini huwa natangaza kwamba mwanangu aliigeuza mashine yake ya kuchomelea, kutoka umeme wa AC kuwa wa DC, kwa siku moja tu, kwa dayodi za altaneta mbovu za magari. Nilitia chumvi. Siku ile zilitoa moshi, akazitupa uani. "Mama, kazi hii siiwezi. Bora nikalime ufuta."

Nikaokota moja, ikaniunguza vidole. "Mwanangu, hivi vitu vinataka kupozwa!" Nikampa mfuniko wangu wa sufuria, wa alumini, unyonye joto. Akafungia humo dayodi nyingine, na mpaka leo mashine ile inachomelea mageti ya Ruangwa nzima!

Barua hii inakuja na mfuniko wangu wa pili. Ubwabwa nitafunikia sinia. Ila habari ya moshi usiwaambie watu wa huku.

Mimi bibi yako, mama yake fundi.