Upindo wa Pazia la Sebuleni

Kwako Mrefu,

Mimi sijambo, cherehani tu ndiyo inakohoa. Mapazia ya wateja yanakwisha, lakini la sebuleni kwetu hadi jana lilikuwa bado na pini chini. Ubishi wetu hatukuumaliza: wewe ulitaka liguse sakafu, mimi nilitaka lipande kidogo nipate kufagia. Nikasema nisilishone mpaka urudi kutoka huko mbali uliko.

Jana dada yako alikuja, akakataa hata kukaa. "Wifi, nitakuficha mpaka lini? Kaka ameoa hukohuko."

Nikamwambia asogee, nataka kufagia.

Leo nimetoa pini, nimeshona upindo. Pazia linagusa sakafu, kama ulivyotaka. Nikifagia, nitalinyanyua mwenyewe.

Ni mimi,
mkeo wa huku.