Mto wa Veronika

Milimani juu ya Tunduma,
msimu wa baridi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Napiga goti nikiwa mbali, na goti lenyewe limekufa ganzi kwa baridi ya huku. Mama hajambo? Mguu wake umepunguza kuuma? Mpunga mmeshauanika, au ndege wa Kamsamba wamekula kwanza na ninyi mkapata masazo? Mimi ni mzima, ila nina kikohozi cha moshi, maana huku tunalala na moto ndani ya nyumba kama samaki wa kubanikwa.

Nakuandikia upesi ili habari hii uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine. Wakwe wa dada Veronika wanataka kumrudisha nyumbani kwa aibu. Wanasema ana mwanamume, na mumewe yuko migodini Rhodesia. Soma mpaka mwisho kabla hujashika fimbo. Barua nitampa yule mtu wa kwetu aliyepandisha ng'ombe kuuza Tunduma, na bahasha nitaifunga kwa uji mzito. Ukiona imebanduliwa, usiamini neno lake hata moja.

Kazi yangu bado ni ile ya kumfuata Mzungu wa maji. Watu wamemwita Bwana Baridi, kwa kuwa kila mahali anauliza kama maji ni ya baridi. Ana kipimo cha kioo kama kile cha homa cha hospitali ya misheni, ila chake ni kirefu. Mimi naingia mtoni nakizamisha, yeye anasimama ukingoni na viatu vyake vikavu. Nilimwuliza maana yake nini, akanieleza vizuri tu, sikatai. Anasema maji ya juu juu yanafuata jua: mchana yanapata joto, alfajiri yanauma. Lakini maji yanayotoka chini ya ardhi hayajui asubuhi wala mchana, joto lake ni lile lile. Ndiyo maana alfajiri ya baridi ukiyagusa unayaona ya vuguvugu, na jua likiwaka unayaona yamepoa. Kijito kinachonyweshwa na ardhi namna hiyo hakikauki kiangazi. Wakikata miti kwenye chanzo, kinaanza kulifuata jua, na huo ndio ugonjwa wake.

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Lakini mimi ni mwanao, Baba. Mtu hatoki Ulaya kuja kushikashika maji ya watu bure. Leo anatafuta kijito kisichokauka, kesho atakuja mwenzake mwenye shamba la kahawa kukiomba kijito hicho hicho kwa karatasi ya Boma. Basi namsikiliza kwa sikio moja, la pili nalilaza akiba.

Sasa habari yenyewe. Nyumba ya Veronika iko kando ya kijito, hatua chache tu. Mwaka huu Alfredi, shemeji yangu, alimtumia mkewe zawadi kwa watu waliokuwa wakirudi kutoka migodini: mto wa kulalia, wa pamba, wenye maua mekundu. Kijiji kizima hakina mwingine, watu wanalalia mikono yao. Wanawake walikuja kuutazama kama mtoto mchanga. Mama Alfredi, mkwe wake, naye alikuja, akauliza kitu hiki kinaitwaje. Aliyeuleta akamjibu kwa Kiswahili, "Huo ni mto, mama." Tangu siku hiyo analijua neno hilo kwa maana hiyo moja tu, maana mto wa maji anautaja kwa Kinamwanga kama sisi sote. Yeye mwenyewe aliletewa kilemba. Nadhani ule mto ulimkaa rohoni tangu siku ile, ingawa hakusema.

Bwana Baridi alijifunza Kiswahili huko Tanga na anakipenda mno, hataki nimsaidie. Asubuhi moja tulipita uani kwa Veronika tukishuka kijitoni. Akasimama, akavua kofia, akamwuliza, "Mama, mto wako asubuhi una joto au una baridi?"

Veronika hakushangaa, ndiye anayechota maji pale kila siku. Akasema, "Asubuhi una joto, Bwana. Mchana ndiyo unapoa."

"Vizuri sana!" Mzungu akafurahi, akapiga makofi. "Nilijua! Kesho alfajiri nitakuja mwenyewe niushike."

Nyuma ya ua niliusikia mchi ukianguka. Mama Alfredi alikuwa akitwanga.

Kesho yake kweli tulikuja alfajiri, tukashuka kijitoni kufanya kazi yetu. Kumbe bibi naye alikuwa ameamka. Mara tu Veronika alipotoka na mtungi, akaingia chumbani kwake akaushika mto. Ulikuwa na joto. Kesho yake tena akaushika, una joto. Akaenda kwa mkubwa wa ukoo, baba mkubwa wa Alfredi, akamwambia kwamba mke wa mwanawe anamlaza Mzungu, na kaka yake ndiye anayemwonyesha njia.

Tuliitwa. Wazee walikaa, mto umewekwa katikati juu ya mkeka kama mwizi aliyekamatwa. Veronika akasema, "Baba, una joto kwa sababu nimetoka kuulalia. Kichwa changu kimekufa?"

Mkwe wake akajibu, "Kichwa kimoja hakitoi joto lote lile! Na umelisema mwenyewe kwa mdomo wako, nikisikia. Mzungu akakuambia atakuja kuushika."

Nikasimama nikawaeleza kwamba Kiswahili kina mto huu na mto ule, neno moja, vitu viwili. Wakanitazama kama ninayeuza ng'ombe kilema. Mzee akasema, "Wewe ni kaka yake. Tena unakula mshahara wa huyo Mzungu. Lisemwalo lipo." Nikasema basi mwiteni Mzungu. Wakasema hatumwulizi mwizi kama ameiba. Wakaamua kwamba watu watumwe Kamsamba kwako, Baba, uje kumchukua binti yako.

Hapo juu niliishia juzi. Leo naendelea, maana mambo yamegeuka na yule mtu wa ng'ombe amekwisha ondoka.

Jana kabla ya jua nilikwenda kwa Mama Alfredi nikabisha hodi. Nikamwambia, "Mama, kabla hamjatuma mtu, njoo uushike mto alioutaja Veronika. Kama una baridi, mimi mwenyewe nitambebea mzigo." Alinishuku, akamchukua na yule mzee tushuke pamoja. Umande ulikuwa mweupe kwenye majani, vidole vinauma. Nikamwambia aingize miguu. Aliiingiza kwa woga akitarajia kuungua kwa baridi. Akainama akachota maji kwa viganja viwili. Kisha akasema polepole, "Haya yana joto." Mzee naye akaingia. Nikawaambia, huu ndio mto. Mzungu aliuliza huu.

Mama Alfredi alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee alicheka. Mchana walirudi kuyajaribu, wakayaona yamepoa kama Veronika alivyosema, na kijiji kizima kilicheka. Nami nilicheka, ingawa nilijiuliza mbona yule bibi anacheka kuliko aliyeshtakiwa. Jioni akaleta kuku na unga, akasema, "Mwanangu Veronika, yameisha. Ni lugha za watu tu zilitupiga chenga." Mzee akasema kesi imefungwa na safari ya Kamsamba haipo tena.

Veronika alimpokea kuku, akamchinja, akapika, akawapakulia wote. Hakuna aliyeona kitu, ila mimi. Hakutia tonge mdomoni.

Leo asubuhi nimemkuta amefunga mzigo wake. Nikamwambia, "Dada, umeshinda! Unakwenda wapi tena?"

Akanijibu bila kupandisha sauti, "Nimeshinda nini, kaka? Maji ndiyo yaliyoshinda. Yangekuwa ya baridi, mimi ningekuwa malaya. Miaka yote nimewalimia, nimewapikia, na hakuna aliyesema namjua huyu mtoto. Wamelisadiki jito, si mimi."

Nilijaribu kumzuia. Nilimtaja Alfredi, nikataja watu watasema nini. Akasema Alfredi anaijua njia ya Kamsamba, ndiyo aliyoipita kuja kumposa. Mto wa maua ameuacha kitandani, ameutandikia vizuri na shuka. Nimeona haya, na nimeona kwamba anasema kweli.

Bwana Baridi hajui lolote. Amefurahi kwa kijito chake, anasema ni kizima kabisa, na wasipokata miti ya juu kitaishi. Nimewaambia wazee wasiikate. Nimewaambia pia wamwulize kwanza anampelekea nani habari hiyo. Bado simwamini.

Nisalimie mjomba wangu anayechunga, mwambie ng'ombe wamepanda bei huku. Nisalimie shangazi, mke wa katekista, na maombi yake nayahitaji. Mdogo wangu Filipo asiache shule. Salamu za Mama sikuandika, anazo Veronika mwenyewe, maana barua hii sasa anaibeba yeye. Anashuka na wafanyabiashara wa mchele, watu ninaowafahamu, nami nimewachunguza mara mbili.

Nakujua, Baba. Mtoto wako akirudi bila taarifa, unamsimamisha mlangoni unamwuliza kosa lake kabla hajatua mzigo. Mimi nilisimamishwa, na Filipo pia. Huyu ameulizwa vya kutosha na watu wasio wake. Sasa yuko mbele yako, amesimama, anakutazama ukisoma. Ukunje karatasi, umpokee mzigo.

Ni mimi mwanao,
Gaspari